Tisheti ya VHT hailiwi

Wakubwa wa afya wakiongea kuhusu jamii kushiriki, neno halichelewi kuja: kujitolea. VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji hapa Uganda (Village Health Team), akiuliza pesa anaonekana ana tamaa. Mi naona tunawaonea hawa watu.

Jirani yangu hapa Busia, mpakani na Kenya, ni VHT. Juzi usiku mama mmoja kamgongea na mtoto wa mwaka na nusu, anakohoa vibaya. Jirani akampakatisha mama mtoto, akafungua shati, akamulika kifua na tochi ya simu akaanza kuhesabu pumzi dakika nzima, sisi wote kimya. Kwa umri huo ikifika 40 ni dalili ya nimonia. Mtoto akalia, jirani akaanza kuhesabu upya. 52. Akampa amoksilini dozi ya kwanza palepale, akaandika kwa rejista, na asubuhi kabla ya shamba akapita tena kumwangalia. Hiyo ni kazi jamani, tena ya kitaalamu.

VHT walianza 2001 kama watu wa kuhamasisha tu, choo, chanjo, neti. Toka 2010 wakaongezewa kutibu malaria, nimonia na kuhara kwa watoto chini ya miaka 5. Kazi imekua, malipo yamebaki tisheti, gumbuti na alawansi ya siku ya mafunzo.

Wanaokataa mshahara nao wana hoja, siwadharau. Vijiji ni karibu 70,000, weka VHT wawili tu kila kimoja ushafika 140,000, na health center zenyewe dawa zinaisha. Halafu kuna siasa: leo kijiji kinamchagua mtu kinayemwamini, kesho kukiwa na mshahara mwenyekiti ataweka shemeji yake. Hii ya pili inanigusa, maana Ebola ya 2022 iliyoanzia Mubende, watu 142 walithibitishwa kuugua na 55 kati yao wakafa, na wakati kama huo ukimtuma mtu asiyeaminika nyumba kwa nyumba atafichwa wagonjwa. Lakini dawa yake ni kijiji kiendelee kuchagua, sio kumnyima aliyechaguliwa.

Na hiyo ya pesa haipo, vuka mpaka tu. Kenya toka 2023 wahudumu wao wa jamii wametengewa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Kuna kucheleweshwa, wanalalamika sana, ila angalau wana cha kudai. Wa kwetu wanategemea miradi ya wafadhili, na 2025 Marekani ilipokata misaada tuliona miradi inavyoweza kufa ghafla.

Homa ya mtoto inatakiwa itibiwe ndani ya saa 24. Wiki jana nilimkuta baba mmoja kakaa na mtoto wa homa mlangoni kwa jirani toka asubuhi. Jirani alikuwa ameenda kupalilia kwa watu apate pesa ya sabuni, akarudi saa kumi na mbili jioni.