Shikamoo niliyoitoa nikiwa nimelala barabarani

Kwanza kabisa, sikulia. Naanza na hilo kwa sababu najua ile sauti ya Fundi, rafiki yangu wa baiskeli, kuhusu nilivyoanguka na baiskeli kwenye taa Jumatano imeshawafikia, ya dakika mbili na nusu ambayo dakika mbili nzima anacheka tu, na humo anasema nililia. Yale yalikuwa machozi ya upepo, ukiendesha baiskeli asubuhi bila miwani macho yanachuruzika yenyewe, muulizeni mwendesha baiskeli yeyote. Alafu Fundi mwenyewe hakuwepo! Kahadithiwa na jamaa wa ofisini kwetu aliyekuwa kwenye basi upande wa pili, tena huyo jamaa kaanza kuona nikiwa tayari nipo chini, leo hii ndo shahidi mkuu, anaigiza mpaka mguu ulivyokuwa unarusharusha. Na sikulala pale dakika kumi. Taa ilikuwa nyekundu, ikawa kijani, ikarudi nyekundu, ikawa kijani tena. Basi. Hesabuni wenyewe.

Habari za viatu mnazijua, niliwachosha nazo mwezi mzima. Ila kwa wale ambao walikuwa wananiruka kimya kimya (nawafahamu), kuna viatu vya baiskeli ambavyo chini ya soli vina kidude cha chuma kimefungwa kwa skrubu mbili, ukikanyaga pedeli yake kinaingia, ka! kinashika. Kuanzia hapo wewe na baiskeli ni mwili mmoja, mguu hauchezi, hautelezi, nguvu yote inaenda kwenye mnyororo. Kutoka hunyanyui mguu, ukinyanyua haitoki ng'o. Unapeleka kisigino nje, kama mtu anayezungusha mguu kusaga kichungi cha sigara, ka! umetoka.

Aliyeniingiza kwenye haya mambo ni huyo huyo Fundi. Alinikalisha chini akanipa somo zima, kwamba zamani walikuwa wanafunga miguu kwa mikanda, kwamba kampuni ya Ufaransa ya LOOK, waliokuwa wanatengeneza vishikizo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ndo wakaleta teknolojia hiyo kwenye baiskeli mwaka 1984, na mwaka 1985 Bernard Hinault, bingwa wa baiskeli wa Ufaransa, akashinda nazo mashindano ya Tour de France. Mimi nikasikia Hinault tu, mengine yakapita. Kitu ambacho Fundi hakukisema, na nimekuja kukigundua nikiwa na muda wa kutafakari pale chini, ni kwamba kile kishikizo cha kwenye theluji ukianguka kinakuachia chenyewe usije ukavunjika mguu. Hiki cha kwetu kinakusubiri uzungushe kisigino. Usipozungusha mnaenda wote.

Maisha yangu mnayajua. Jumatatu mpaka Ijumaa nimekaa kwenye kiti cha ofisi mpaka kiti kimeanza kuchukua umbo langu, Jumamosi asubuhi baiskeli na akina Fundi, Jumapili kwa wakwe. Sasa hiyo Jumapili nilienda na viatu vyangu kwenye mfuko, sijui hata kwa nini, nadhani nilitaka kupongezwa. Baba mkwe akavipokea, akageuza kimoja juu chini, akagonga kile chuma kwa ukucha, akanyamaza muda mrefu.

"Sasa baba, ukitaka kuanguka inakuwaje?"

Nikacheka kile kicheko cha kumheshimu mtu mzima. Nikamwambia hapana baba, na hivi huanguki, ukishajua kusimama umemaliza. Akanirudishia kiatu bila neno. Yaani mtu pekee aliyeuliza swali la maana mwezi mzima ule nilimcheka.

Na kusimama nilikuwa najua kweli! Nimefanya mazoezi nyuma ya nyumba, nimeshika ukuta, toa ingiza toa ingiza, mpaka jirani akauliza kama kuna mashine inatengenezwa. Na kwa nyie mnaokuja inboksi kunifundisha kwamba pedeli ilikuwa imekazwa sana, hapana, ile skrubu ya kurekebisha ugumu Fundi aliilegeza mpaka mwisho, mtoto mdogo angetoka. Tatizo halikuwa pedeli. Tatizo lilitokea Jumanne usiku.

Goti la kulia lilikuwa linauma. Nikaangalia video, jamaa anasema kidude cha chini ya kiatu kikikaa vibaya hata kidogo tu goti linalalamika, kisogeze. Nikakaa kwenye zulia la sebuleni na kispana changu cha umbo la L, nikafungua zile skrubu mbili za kiatu cha kulia, nikasogeza, nikarudisha moja kwa vidole, nikasema hii nitaikaza nikishaweka ya pili. Hapo hapo simu ikaita. Nani? Fundi. Anataka kujua Jumamosi tunatoka saa ngapi. Swali la sekunde tano tukaliongelea dakika arobaini, tukahamia mpira, tukahamia bosi wake, tukamsema na rafiki yetu mwingine ambaye sitamtaja kwa sababu anasoma hapa. Nilipokata simu nilikuwa na usingizi, nikachukua viatu nikaviweka mlangoni. Kwa hiyo tukienda kwa haki, na Fundi ni mtuhumiwa.

Jumatano ndo ilikuwa siku yenyewe. Wiki tatu nimewatangazia ofisini kwamba naanza kuja kwa baiskeli, mpaka kuna dada wa mapokezi alikuwa ananiuliza kila siku "leo umekuja nayo?" kwa sauti ambayo sasa hivi ndo naielewa. Nimevaa kaptula ile ya kubana yenye sponji makalioni, shati la kazi lipo kwenye begi mgongoni, helmeti, kila kitu. Viatu vikaingia, ka, ka. Kuingia hakuna shida maana unakandamiza tu, hata skrubu ingekuwa nusu ingeingia.

Na siku hiyo jamani taa zote zilikuwa kijani. Zote! Ya kwanza kijani, ya pili kijani, ya tatu nikapita naimba kabisa. Nikasema Mungu kanipenda leo. Hakuna hata mahali pamoja nilipolazimika kutoa mguu. Mngekuwa mnaniona mlivyo wambea mngeshaanza kucheka kuanzia hapo.

Taa za mwisho, zile za karibu na ofisi, zikawa nyekundu. Na nilifurahi, ndo kinachoniuma zaidi, nilifurahi, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na nilitaka watu waone nikisimama kitaalamu. Nikapita taratibu pembeni ya magari, breki kidogo kidogo, mpaka mbele kabisa, kulia kwangu kuna gari moja safi, limeoshwa linang'aa. Gari hilo nalijua. La bosi. Bosi wetu ni mama mtu mzima, mpole, hana maneno mengi, akikuangalia tu unakumbuka ripoti unayodaiwa. Nikasema hapa hapa, leo mama ataona ana mfanyakazi wa aina gani.

Nikapeleka kisigino nje.

Kimya. Hakuna ka.

Nikapeleka tena. Na tatizo sio kwamba kisigino kiligoma, kisigino kilienda vizuri mno, kikaenda, kikaendelea kwenda, kikapita pale kinapotakiwa kuishia, nikaangalia chini nikaona ncha ya kiatu changu inatazama mnyororo. Kiatu kilikuwa kinazunguka kwenye ile skrubu moja legevu kama mshale wa saa, na kidude chenyewe kimetulia kwenye pedeli hakina habari. Hapo baiskeli ilikuwa imeshasimama kabisa. Na mwili, kwa mazoea ya nyuma ya nyumba, ulikuwa umeshaegemea kulia kusubiri mguu utue.

Kuna watu watasema si ungetoa mguu wa kushoto. Asanteni. Mguu wa kushoto niliutoa, ka! safi kabisa, sauti tamu sijawahi kusikia. Ila nilikuwa naanguka kulia, kwa hiyo wa kushoto ukawa unapunga hewani tu kama unaaga.

Huwa wanasema ajali inatokea ghafla. Mwongo huyo. Nilipata muda wa kuwaza mambo mengi. Niliwaza skrubu. Niliwaza zulia. Nilimwona baba mkwe akigonga kile chuma kwa ukucha. Mwendo ulikuwa ule wa mti uliokatwa, unaanza polepole kana kwamba unabadili mawazo. Nikanyoosha mkono, kiganja kikafika kwenye kioo cha gari la bosi, paa! na kwa sekunde moja nikasimama, jamani nilisimama kweli, nimeegemea kioo, mimi na baiskeli tumekaa kama ngazi. Bosi akageuka. Tukaangaliana. Nikatabasamu.

Alafu kiganja kikaanza kuteremka.

Kioo kimeoshwa, mkono una jasho. Ukatoa ile sauti, kwiiiiiiii, ndefu, na macho yangu yakawa yanashuka na yeye macho yake yananifuata, usawa wa kioo, usawa wa kitasa, usawa wa tairi, pu. Nimelala, mguu mmoja umeunganishwa na baiskeli, mwingine juu, begi mgongoni linanizuia kugeuka, yaani mende aliyepuliziwa dawa ana mpangilio kuliko mimi.

Kioo kikashuka. Kichwa cha bosi kikachungulia.

Na mimi, sijui malezi, sijui mshtuko, nikasema: "Shikamoo mama."

Wanaosema neno hilo maana yake ni kushika miguu ya mkubwa, mimi nilikuwa karibu kabisa na kuishika.

"Marahaba," akasema. Akanyamaza. Naona alikuwa anatafuta la kusema ambalo halitanivunjia heshima. "Kikao si saa tatu?"

"Ndiyo mama. Niko njiani."

Sikukusudia! Walahi sikukusudia. Nimeligundua nikishalisema, na yeye akaligundua, kioo kikapanda haraka sana na nikaona mabega yake yanatikisika.

Taa ikawa kijani. Bosi hawezi kuondoka maana gurudumu langu la mbele lipo karibu na tairi lake, nyuma yake hawezi kuondoka mtu, honi zikaanza. Wakaja watu wawili (Fundi anasema watano), kijana mmoja na bibi mmoja aliyekuwa anavuka. Kijana akanishika makwapani akanyanyua, tukanyanyuka wote, mimi na baiskeli, kama seti ya makochi. Akanirudisha chini.

"Mtoe kwanza kwenye baiskeli," mtu anapiga kelele kwenye basi.

"Hatoki!"

"Kwani kafungwa?"

Nikaanza kueleza habari ya kishikizo na skrubu. Nikiwa chini. Nadhani nilimtaja hata Hinault. Bibi akanisikiliza, akaniangalia na kile kikaptula changu chenye sponji, akasema kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, si uvue kiatu."

Nikavua kiatu. Nikawa huru.

Mengine hayana maana. Kiwiko kimechubuka, shati lilikuwa limekunjamana, kiatu kiligoma kutoka kwenye pedeli mpaka mchana nilipokuja kukibandua kwa bisibisi, na kikao nilihudhuria na kiatu kimoja cha chuma na soksi, nikitembea kwenda kwenye ubao ilikuwa ko, fya, ko, fya. Bosi hakusema kitu. Ila wakati naonyesha namba za mwezi na ile chati inayoshuka, akatoka nje ghafla "kupokea simu" na simu yake ipo mezani. Dada wa mapokezi jioni akaniuliza, "Unaondoka nayo?" Baba mkwe alipiga usiku, akauliza hali, akauliza kazi, akauliza watoto, akasema haya baba usiku mwema. Hakugusia. Ningependa angegusia.

Skrubu niliitafuta usiku huo huo, nikalala kifudifudi kwenye zulia na tochi ya simu, chini ya kochi, kwenye pindo za pazia, wapi. Alhamisi vile vile. Ijumaa binti yangu ananionyesha roboti lake alilotengeneza kwa maboksi, ana miaka mitano, kalipaka rangi, kalipa mikono, na katikati ya uso, jicho la kushoto ni kifuniko cha chupa na jicho la kulia linang'aa. Nikasogea. Nikachuchumaa.

"Mama, hili jicho umelitoa wapi?"

"Nimeliokota. Lilikuwa halina mtu."

Nikamweleza ni la baba, baba analihitaji, baba alianguka kwa sababu ya jicho hilo. Akanisikiliza vizuri sana. Akaliangalia roboti, akaniangalia mimi na kiwiko changu.

"Lakini wewe unaona," akasema.

Kesho Jumamosi natoka na akina Fundi. Nimerudisha zile pedeli za kawaida na nitavaa raba.