Boti inazunguka, kisiwa hakionekani

Yaani tamthilia ya kufa na kupona inamweka polisi kwenye boti msimu mzima! Msimu wa 2 wa Squid Game ya Korea Kusini una sehemu 7, na polisi huyo, Jun-ho, anatafuta kisiwa cha michezo ya kuua, ambako wenye madeni hushindania pesa, mwanzo hadi mwisho asikione. Msaliti ni nahodha wake mwenyewe. Sisi tunaonyeshwa, yeye hajui.

Na kura zile za washiriki, kuendelea kucheza au kuondoka! Msimu wa kwanza, 2021, kura ilikuwa na uzito. Washiriki 456, mchezo wa kwanza ukaua 255. Waliobaki 201 wakafika 100 kwa 100, mzee namba 001 akavunja sare, wakaenda zao. Sehemu ya 2 karibu yote ikawa madeni na mama mgonjwa, kisha wengi wakarudi kwa miguu yao. Hofu ilikuwa hapo: mlango ulikuwa wazi.

Msimu wa 2 umeichemsha kura hiyohiyo kama majani ya chai yaliyokwisha rangi. Mchezo wa kwanza unasubiriwa hadi sehemu ya 3, michezo yenyewe ni 3 tu, na kila mmoja ukiisha, foleni ya kubonyeza duara au msalaba. Nani asiyejua watabaki? Wakiondoka, tamthilia imekwisha.



Halafu uasi unaanza, risasi zinalia, rafiki anauawa, skrini giza. Ilikuwa Desemba 2024. Tukasubiri msimu wa 3 hadi Juni 2025.