Mkimya naye anauza, mtuache

Kuna mwalimu wa biashara mtandaoni kaniharibia asubuhi. Ati kama huwezi kuingia laivu kila siku ukaonyesha sura yako, basi biashara hujaitaka. Haya, asante. Yaani mtu kashona nguo, kakagua mishono, kapiga pasi, kafunga oda vizuri, halafu kosa lake ni kwamba hajacheza mbele ya simu!

Mimi simu ikiita naiangalia mpaka ikate, ndo naandika "nimeona umepiga". Na nauza.

Kinachotumaliza wakimya ni hii tabia ya "bei njoo inboksi". Huna nguvu za kuongea na watu, alafu unawaita waje mmoja mmoja kuuliza kitu ambacho kingekaa chini ya picha! Andika bei. Andika saizi, rangi zilizobaki, oda inachukua siku ngapi, na kasoro pia, kama kitambaa kinapauka juani sema kinapauka. Mteja akisoma yote hayo akaja, anakuja kulipa, haji kupiga stori. (Huyo mwalimu mwenyewe bei ya kozi yake ni inboksi, nimeangalia.) Na mi naona ukweli wa muuzaji uko hapo jamani, sio kulia kwenye kamera ukisimulia ulivyoanza bila mtaji. Wanakwambia "kuwa wewe", dakika hiyo hiyo wanakupa maneno ya kukariri.

Stetasi ya WhatsApp inapotea baada ya saa 24, kwahiyo bei ziweke na kwenye katalogi, ule ukurasa wa bidhaa zako kwenye WhatsApp Business. Alafu ukituma tangazo kwa ile orodha ya WhatsApp ya kutumia watu wengi kwa mpigo (broadcast) linafika kwa aliyesevu namba yako tu, watu wanalalamika, mi naona raha, maana huyo kakusevu mwenyewe, na akijibu jibu linakuja kwako peke yako, hakuna grupu la kutakiana asubuhi njema.

Sawa, nakubali shingo upande, mwenye mdomo anauza haraka, na vitu vingine bila vidio havieleweki. Rekodi mikono basi, nani anahitaji uso wako kuona zipu inafunga? Na "kizuri chajiuza" tusijifiche humo, kizuri kisichopostiwa kinakaa kabatini na mende.

Sifa za wateja omba kwa meseji siku hiyo hiyo mzigo umefika, ukichelewa utaambiwa "ntakuandikia" mpaka nguo ichakae.