Jua la Dodoma linatosha, tatizo ni betri na bili

Jioni moja Chang'ombe, hapa Dodoma, nilimkuta binti kwenye kibaraza cha steshenari iliyokwishafungwa, anahangaika na fomu ya mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo, HESLB, hupokea maombi kwa njia ya mtandao, na bando lilimwishia akipandisha cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana wazo la Wi-Fi ya bure mitaani, inayoendeshwa kwa sola, nalipokea kwa mikono miwili. Ila lina mambo ya kutazamwa.

Jua halina mjadala. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni jua na upepo. Kifaa cha kurushia Wi-Fi cha wati 15 kinahitaji wati-saa 360 kwa siku. Paneli ya wati 100 ikipata saa 5 za jua kali inatoa kama wati-saa 500, ukiacha zinazopotea njiani. Umeme ukikatika Nkuhungu, mtandao unabaki hewani. Vumbi kwenye paneli ni kazi ya ngazi na kitambaa.

Hofu yangu ni betri. Jirani na kwangu kuna nguzo ya taa ya sola, kisanduku kimebaki wazi, nyaya zinaning'inia. Betri iliondoka usiku mmoja, taa haijawaka tena.

Halafu kuna bili. Paneli haizalishi intaneti. Lazima uvute kutoka Mkongo wa Taifa, yaani nyaya kuu za mawasiliano za nchi, au mnara wa simu, na kila mwezi kuna wa kulipwa. Google iliweka Wi-Fi ya bure kwenye vituo zaidi ya 400 vya treni India, na mwaka 2020 ikatangaza kuufunga mpango huo, ikisema data ya simu imeshuka bei na kuuendeleza ni vigumu. Kama Google ilishindwa, halmashauri ijipange. Jiji la Tshwane, Afrika Kusini, walipoanza Wi-Fi yao ya bure 2013 walimwekea kila mtumiaji kikomo cha MB 250 kwa siku. Fomu ya mkopo inaingia humo na nafasi inabaki.

Wapo wanaouliza Wi-Fi ya nini wakati maji bado ni ya mgawo. Siwabezi, anayeamka usiku kukinga maji ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo nguzo zisitapakazwe mji mzima, maana mawimbi yenyewe hayavuki sana mita 100. Waanze na shule, zahanati na ofisi za mtaa zenye mlinzi anayelipwa tayari. Pale pana kivuli cha mwarobaini, na binti yule anafika kwa miguu.