Isome tena Vuta N'kuvute, safari hii bila fani na maudhui

Muulize aliyemaliza kidato cha sita kuhusu Vuta N'kuvute, atakutajia ukoloni, ndoa ya kulazimishwa na nafasi ya mwanamke. Kisha kimya. Riwaya ya Adam Shafi imekaa miaka mingi kwenye orodha ya vitabu vya shule, na huko ndiko ilikoumizwa: watu wameisoma wakitafuta majibu, kisa kikawapita.

Ukiirudia ukubwani, mfuatilie Mwajuma. Notisi za uhakiki zinazouzwa steshenari hazina muda naye, wakati yeye ndiye anayempa Yasmin, msichana wa Kihindi, pa kulala akishamkimbia Bwana Raza, mume mwenye umri wa baba yake. Chumba cha Mwajuma kule Ng'ambo, Zanzibar, ndicho darasa la Yasmin. Humo ndimo anamojua kuishi na watu ambao nyumbani kwao alifundishwa kuwatazama kwa mbali. Denge ndiye anayenichosha. Ni mwanaharakati, sawa, ila kuna pahala anasikika kama kipaza sauti cha mkutano wa hadhara. Usiziruke kurasa hizo, zipitie mbiombio tu, kwa sababu maneno hayohayo ndiyo yanayowaleta polisi mlangoni.

Msomaji wa bara atakwama kwenye Kiunguja. Kosa la kawaida ni kufungua kamusi kila mstari, na kufika ukurasa wa 20 hamu imekwisha. Weka nukta ya penseli kwenye neno usilolijua, uendelee. Mwisho wa sura rudi kwenye nukta zako, utakuta nusu yake zimejieleza zenyewe. Zilizobaki zipeleke kwenye Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA.

Peponi inataka uvumilivu wa namna nyingine. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis imechapishwa na Mkuki na Nyota, wachapishaji wa hapahapa Dar es Salaam, baada ya mwandishi kupewa Nobel mwaka 2021. Wapo wanaosema tafsiri ni kiporo. Kwa kitabu hiki sikubaliani nao hata kidogo. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, naye anadhani anakwenda kutembea kwa mjomba. Kwa Kiswahili hali hiyo ina jina lake, rehani, na katika mji ambao watu wanaacha kadi ya benki kwa mkopeshaji wa kausha damu, neno hilo halihitaji tanbihi.

Wengi wanaokifunga kitabu hiki katikati wanamngoja Yusuf afanye jambo. Hafanyi. Anapelekwa, anaangaliwa, anatamaniwa, na ukishakubali hivyo kitabu kinafunguka. Sehemu ya msafara wa bara isome polepole, ukiangalia nani anamlipa nani, kwa bidhaa gani, na nani anageuka kuwa bidhaa. (Ushuru ambao misafara ya zamani iliwalipa watawala wa njiani uliitwa hongo, na ulidaiwa mchana kweupe. Neno limebaki, siku hizi linatembea usiku.)

Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, inachosha ikisomwa kwa mkupuo. Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe 6, na kila mmoja anarudi na mambo mema kisha anaadhibiwa. Kufika mjumbe wa tatu umeshakariri mwendo. Mjumbe mmoja kwa siku anatosha, na anaenea vizuri ndani ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, ukibahatika kupata kiti. Nagona ya Kezilahabi usiipande nayo basi. Ni nyembamba, inakaribisha kudharauliwa, lakini haina kisa kinachonyooka. Isome yote kwa kikao kimoja, kisha uianze upya kesho yake.

Ukinunua kitabu kilichotumika, kwa wale wanaopanga vitabu chini kandokando ya barabara za Posta, hesabu kurasa kabla ya kuhesabu pesa. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kinachopotea huwa fungu zima: unatoka 48 unaangukia 65. Pengine fungu limejirudia na jingine halipo. Kifungue katikati taratibu. Mgongo ukitoa mlio wa kuvunjika, gundi imekauka na kurasa zitaanza kudondoka wiki hiyohiyo. Kwa nakala iliyotolewa fotokopi, tazama upande wa ndani wa ukurasa, karibu na mgongo, ambako mashine humeza herufi za mwisho wa mistari. Kwenye Kusadikika utakisia neno lililoliwa. Nagona ya namna hiyo usichukue hata ukipewa bure, kwa sababu hata nakala iliyo kamili imeshaficha vya kutosha.