Peptidi inayozuia damu inastahili kusemwa

Mwaka 2021 Samuel Stupp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitangaza kwamba sindano moja ya nyuzi za peptidi (vipande vifupi vya protini) iliwawezesha panya waliopooza kutembea tena. Habari ikaenea kila kona. Ni kazi kubwa, sikatai, lakini bado ni panya. Kinachoniuma ni kwamba kuna peptidi nyingine, ya kuzuia damu, inayotibu watu tayari, na karibu hakuna anayeitaja.

Inaitwa RADA16. Imezaliwa na utafiti wa Shuguang Zhang wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, aliyekuta katika protini ya hamira kipande kifupi kinachojipanga chenyewe. RADA16 ni mnyororo wa asidi amino (vijenzi vya protini) 16 tu, tena za aina tatu. Dawa iliyotokana nayo, PuraStat, ina peptidi asilimia 2.5, sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Ikiwa ndani ya bomba la sindano ni kimiminika chenye asidi. Ikigusa damu, ule ukali wa asidi unapungua, chumvi za mwili zinaingia, na minyororo inashikana ikawa wavu wa nyuzi nyembamba mno. Papo hapo unapata jeli inayoziba.

Na jeli hiyo haina rangi. Daktari anayeondoa uvimbe utumboni kwa endoskopi, mrija wenye kamera, anaendelea kuona damu inatokea wapi. Ukimwagia jeraha unga wa kuzuia damu, unalificha. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Kuna na hili: baadhi ya gundi na sponji za kuzuia damu hutengenezwa kwa damu ya watu, au kwa ng'ombe na nguruwe. RADA16 huundwa maabara. Mgonjwa Mwislamu anayeuliza dawa imetokana na nini ana haki ya jibu fupi kama hilo.

Haifanyi miujiza. Hutumika kwa damu inayochuruzika. Mshipa mkubwa unaoruka damu lazima ufungwe. (Wala msiichanganye na vichupa vya "peptidi" za kupunguza unene vinavyouzwa mitandaoni.)

Kikwazo ni bei. Kitu chenye asidi amino za aina tatu na maji hakipaswi kubaki cha hospitali za matajiri, na wizara zetu za afya zinaweza kuungana kununua kwa pamoja ili zipunguziwe. Ningependa tulipiganie hilo sasa, wakati panya wa Stupp wakiendelea kuchunguzwa.