Herode yupi? Neno "mfalme" linavyotupoteza

Ukitajwa "Herode" kanisani, wengi humwona mtu mmoja: aliyeua watoto wa Bethlehemu, akamkata kichwa Yohana, akamdhihaki Yesu, mwishowe akaliwa na chango. Hao ni watatu: baba, mwana na mjukuu. Agripa aliyemsikiliza Paulo ni wa nne, kitukuu.

Lawama yangu naielekeza kwa neno moja. Luka 3:1 katika Biblia yetu ya Union inasema "Herode mfalme wa Galilaya" na Filipo "mfalme wa Iturea". Kigiriki cha Luka hakisemi mfalme hapo. Kinasema tetrarka, yaani kwa asili mtawala wa robo ya nchi, cheo kilicho chini kabisa ya ufalme. Mstari huohuo umemwita Pilato liwali, na hilo ni chaguo zuri, kwa maana mtu wa pwani anajua liwali alikuwa mtumishi wa mkubwa aliye mbali. Kwa tetrarka wafasiri hawakuhangaika. Kwa haki, Marko naye humwita Antipa, ndiye huyo Herode wa Galilaya, mfalme, huenda kwa kufuata midomo ya watu. Lakini mbele ya Roma vyeo hivi havikuwa mapambo.

Herode Mkuu alipewa ufalme na Seneti ya Roma mwaka 40 KK akiwa mkimbizi. Nchi yenyewe aliipata mwaka 37 KK, alipoiteka Yerusalemu kwa msaada wa majeshi ya Kirumi. Alipofariki mwaka 4 KK, wosia wake haukuwa na nguvu mpaka Kaisari Augusto auidhinishe, na Augusto hakumpa mwana yeyote ufalme. Arkelao alipata Uyahudi, Samaria na Idumaya kwa cheo cha ethnarka, yaani mtawala wa taifa, akaahidiwa taji endapo angestahili. Hakustahili. Mwaka 6 BK alifukuzwa, akapelekwa Galia, Ufaransa ya leo, na sehemu yake ikawekwa chini ya maliwali. Ndiyo sababu Yesu anahukumiwa na Pilato Yerusalemu, ilhali Antipa, mwenye Galilaya na Perea, yupo mjini kama mgeni tu wa sikukuu.

Kisa cha Antipa ndicho kinachonifanya nisimame kidete juu ya neno hili. Alitawala miaka zaidi ya 40 kama tetrarka. Mwaka 37 BK, Kaisari Kaligula alimpa Agripa wa Kwanza, kaka wa Herodia mke wa Antipa, eneo lililokuwa la Filipo pamoja na cheo cha mfalme. Herodia hakulala. Juzijuzi kaka yake alikuwa akikimbia wadai, leo amempita mumewe! Akamsukuma Antipa aende Roma akaombe naye kuitwa mfalme. Agripa akatuma mashtaka kwamba Antipa ameweka silaha za askari 70,000. Antipa hakuweza kukana silaha, na mwaka 39 akahamishiwa Galia. Herodia akamfuata kwa hiari yake, eneo lao akapewa Agripa. Antipa ndiye mtu ambaye Biblia yetu inamwita mfalme bila kusita.

Agripa wa Kwanza aliongezewa Uyahudi na Kaisari Klaudio mwaka 41, akafa Kaisaria mwaka 44. Ni yeye wa Matendo 12, aliyemuua Yakobo.

Ukikutana na jina hili, angalia kwanza mahali, kisha wakati, ndipo uandike jina kamili pembeni kwa penseli. Galilaya enzi za Yesu ni Antipa. Yerusalemu baada ya kanisa kuanza ni Agripa wa Kwanza. Mtego mbaya zaidi ni Filipo: Marko anamtaja Filipo kama mume wa kwanza wa Herodia, lakini Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasema mume huyo alikuwa Herode mwingine, asiye na cheo, na kwamba Filipo tetrarka alimwoa Salome, binti ya Herodia.

Agripa wa Pili, yule aliyemsikiliza Paulo, yeye alikuwa mfalme kweli, ila si wa Yerusalemu. Uyahudi ilikuwa mikononi mwa Festo, liwali wa Kirumi. Agripa alikuwa na mamlaka ya kuteua kuhani mkuu, na kwa hiyo liwali mgeni aliyetatizwa na kesi ya Paulo alikuwa na sababu ya kumuuliza yeye.